Amana, Ada na Naitrojeni: Historia ya Ushindani wa Watoa Huduma za Krioniki Nchini Marekani

Krioniki ni utaratibu wa kuhifadhi mwili wa marehemu, au kichwa chake pekee, ndani ya naitrojeni ya kimiminika katika nyuzijoto −196 za Selsiasi, kwa matarajio kwamba tiba ya siku zijazo itaweza kumrejeshea uhai. Hadi sasa hakuna mwanadamu aliyewahi kurejeshwa. Hivyo basi, anayechagua kati ya watoa huduma hana matokeo ya kulinganisha, na akishahifadhiwa hawezi kulalamika wala kuhama. Makala haya yanatetea hoja kwamba tofauti kubwa kati ya taasisi za krioniki imetokana na jinsi kila moja ilivyojibu swali la kifedha: nani atalipia naitrojeni baada ya ndugu kuchoka au kufariki?

Wazo lenyewe lilienezwa na Robert Ettinger, mwalimu wa fizikia wa Michigan, ambaye kitabu chake kuhusu suala hili kilichapishwa rasmi mwaka 1964. Tarehe 12 Januari 1967, mwili wa Profesa James Bedford uligandishwa huko California. Katika miaka iliyofuata ulihamishwa kutoka kwa mtunzaji mmoja hadi mwingine, na kwa kipindi fulani familia yake iliutunza yenyewe, kabla haujafikishwa kwa taasisi ya Alcor mwaka 1982. Kudumu kwa mwili huo kulitegemea zaidi uvumilivu wa jamaa zake kuliko uimara wa kampuni yoyote iliyoupokea.

Wengine hawakubahatika. Robert Nelson, kiongozi wa Chama cha Krioniki cha California aliyeshiriki kumgandisha Bedford, alianza kuhifadhi miili katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth. Mpango wake ulitegemea ahadi za ndugu kuendelea kuchangia. Mitungi ya krioniki hufanya kazi kama chupa ya chai: ina kuta mbili zilizotenganishwa na ombwe, haihitaji umeme, lakini kimiminika kilichomo huvukiza polepole na lazima kiongezwe. Michango ilipopungua na pampu za kudumisha ombwe zilipoharibika, miili iliyeyuka. Baadhi ya familia ziliendelea kuamini kwamba wapendwa wao wamo katika baridi. Ukweli ulipofichuka mwaka 1979, miili tisa ilikuwa imepotea kwa namna hiyo. Ndugu walifungua kesi, na mahakama ikaamua dhidi ya Nelson pamoja na mzishi aliyeshirikiana naye. Ni rahisi kumhesabu Nelson kuwa tapeli tu. Hata hivyo, tafsiri hiyo huficha kasoro ya msingi: huduma isiyo na ukomo ilikuwa imefungamanishwa na malipo ya hiari.

Taasisi mbili zinazoongoza leo zilizaliwa katika muongo huohuo. Alcor ilianzishwa California mwaka 1972 na Fred na Linda Chamberlain, kisha ikahamia Scottsdale, Arizona, mwaka 1994. Cryonics Institute ilianzishwa na Ettinger na wenzake huko Michigan mwaka 1976, na mtu wa kwanza kuhifadhiwa humo, mwaka 1977, alikuwa mama yake Ettinger. Zote mbili hudai fedha yote itengwe mapema, kwa kawaida kupitia bima ya maisha. Baada ya hapo njia zinaachana. Cryonics Institute imedumisha kwa miongo kadhaa ada ya dola 28,000 kwa mwanachama wa kudumu, huku Alcor ikitoza dola 200,000 au zaidi kwa mwili mzima, na dola 80,000 kwa kichwa pekee. Pengo hilo hunukuliwa mara nyingi kana kwamba bidhaa ni moja. Sivyo. Ada ya Alcor hujumuisha kikosi kinachokaa tayari karibu na anayekaribia kufa, na sehemu yake huingia katika mfuko wa amana ulioundwa mwaka 1997 kwa ajili ya matunzo pekee. Mwanachama wa Michigan hugharamia mwenyewe usafirishaji, na akitaka kikosi hulazimika kuingia mkataba tofauti na kampuni nyingine. Aidha, bodi ya Michigan huchaguliwa na wanachama, ilhali ya Alcor huteua wajumbe wake yenyewe.

Sheria nayo ilizitenganisha. Alcor hupokea miili kwa msingi wa sheria ya utoaji wa viungo na miili kwa hiari, jambo linalodhoofisha madai ya ndugu wanaopinga. Mwaka 2002 binti mkubwa wa mchezaji wa besiboli Ted Williams alipinga baba yake kuhifadhiwa, lakini mwili ulibaki Scottsdale. Jimbo la Michigan, kwa upande wake, liliisimamisha Cryonics Institute mwaka 2003, kisha likaiweka chini ya kanuni za makaburi. Muswada wa kuiweka Alcor chini ya bodi ya mazishi ya Arizona uliondolewa mwaka 2004.

Mfuko wa amana nao haukumaliza tatizo. Alcor ilipandisha ada mara kadhaa, lakini wanachama wa zamani walikuwa wameahidiwa kiwango cha siku walipojiunga. Bima ya mtu aliyejiunga miongo mitatu iliyopita ikawa haitoshi tena gharama halisi, na taasisi ikalazimika kuchagua: iwatoze nyongeza watu hao, au iache upungufu huo ubebwe na fedha za waliokwisha kuhifadhiwa.