Ushirikiano wa raia na wanajeshi

Ushirikiano wa raia na wanajeshi ni utaratibu ambao majeshi yaliyotumwa kutuliza eneo lililotoka vitani hupanga kazi zao pamoja na serikali za mitaa, mashirika ya misaada na wananchi wenyewe. Shabaha yake ni kurudisha maisha: kufungua barabara, kulinda wanaorejea vijijini, kuwezesha shule na zahanati kufanya kazi tena.

Kwa Watanzania mfano wa karibu ni mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Uasi ulianza tarehe 5 Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari na polisi wapatao 1,000, kisha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ikatuma ujumbe wake ulioitwa SAMIM. Wanajeshi wa Tanzania walipangwa wilaya ya Nangade.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya kivita zaidi. Aprili 2022 SADC iliamua kubadili muundo, ili polisi, maofisa wa magereza na wataalamu wa kiraia wafanye kazi pamoja na wanajeshi. Upande wa Msumbiji ujenzi mpya ulikabidhiwa wakala wa maendeleo ya kaskazini, ADIN, ulioanzishwa mwaka 2020.

Lugha ina uzito kuliko miongozo mingi inavyokiri. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto, na Kimwani cha pwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Askari anayeelewana na mzee wa kijiji hupata habari ambazo bunduki haiwezi kuzileta. Asiyeelewana naye humshuku kila kijana.

Utaratibu huu una wapinzani. Lori la chakula likisindikizwa na jeshi, wapiganaji huweza kumhesabu mgawaji kuwa adui, naye mwanakijiji aliyepokea unga akaonekana msaliti. Ndiyo maana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inataka vifaa vya kijeshi vitumike katika misaada pale tu njia nyingine inapokosekana. Kwenye barabara zenye mashambulizi, sharti hilo ni gumu kulitimiza.

SAMIM ilimaliza muda wake tarehe 15 Julai 2024, Rwanda ilibaki. Miezi michache kabla, wilaya ya Chiúre, kusini mwa mkoa, ilishambuliwa na makumi ya maelfu ya wakazi wakakimbia tena.