Mrundikano wa Dawa katika Matumbo ya Wazee

Vitabu vya utabibu vya Kiingereza vina neno "polypharmacy", lililoungwa kwa Kigiriki: poly, yaani nyingi, na pharmakon, yaani dawa. Wagiriki wa kale waliita pharmakon dawa na sumu pia, lakini neno la leo limechukua upande wa dawa peke yake na kuutia hesabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyolitawala. Mwaka 2017 watafiti waliopitia maandishi ya kitabibu walikuta fasili 138 za neno hili moja, na iliyorudiwa zaidi ilikuwa ile inayosema kutumia dawa tano au zaidi kwa siku. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na jambo hili likawa miongoni mwa matatu yaliyopewa kipaumbele. Anayetaka kulisema kwa Kiswahili ana njia mbili nyepesi mbele yake: alitohoe, aseme polifamasia, au alitafsiri, aseme wingi wa dawa. Nadai kwamba zote mbili hazitufikishi, na kwamba neno linalostahili ni mrundikano wa dawa. Ushahidi wangu uko matumboni mwa wazee.

Kizingo na Mji wa Kale, hapa kisiwani Mombasa, panafaa kuwa mfano kwa sababu tiba haiko mbali na mlango wa mtu. Hospitali ya Aga Khan iko Kizingo kwenyewe, Barabara ya Vanga. Hospitali ya Mombasa iko jirani na Ngomeni. Coast General haiko mbali. Maduka ya dawa yamejaa njiani. Na Marikiti wauzaji wa viungo wana sanamaki, shubiri, mvuje na habasoda. Mzee mwenye presha, sukari na baridi yabisi anaweza kupita milango minne kati ya hiyo kwa mwezi mmoja, na kila mlango ukampa kitu bila kuona kilichotoka katika mlango mwingine. Sensa ya mwaka 2019 iliwakuta Wakenya wa miaka 60 na zaidi kuwa takriban milioni 2.7, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona kuwa karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu. Hayo ni maradhi ya kukaa nayo, na dawa zake ni za kukaa nazo. Hapa ndipo hesabu inapoanza kuyumba. Daktari akiuliza, "Mzee, unatumia dawa gani?", hutajiwa vidonge vya hospitali. Sanamaki haitajwi, kwa kuwa nyumbani ni kitu cha jikoni, ilhali mmea huo huo ndio unaotengenezewa vidonge vya kulainisha choo vinavyouzwa dukani. Mzee anasema tatu, utumbo umepokea sita. Istilahi iliyosimama juu ya idadi imesimama juu ya kitu ambacho anayeulizwa na anayeuliza hawakihesabu kwa namna moja.

Tuufuate mrundikano unavyojijenga. Magoti yanauma, mzee anapewa diklofenaki. Dawa hii hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na prostaglandini ndizo hizo hizo zinazoulinda utando wa ndani wa tumbo usiliwe na asidi. John Vane alilieleza jambo hili kwa aspirini na jamaa zake mwaka 1971. Ikimezwa kwa miezi, utando huchubuka. Kwa wazee kidonda kinaweza kuvuja damu bila maumivu ya kutahadharisha, lakini mara nyingi kinachotangulia ni kiungulia, na kiungulia hujibiwa kwa omeprazoli. Diklofenaki hiyo hiyo huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda, na kliniki ya presha ikatoa amlodipini. Amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu miguu. Uvimbe ukidhaniwa kuwa maradhi mapya, huja furosemaidi, dawa ya kukojoza. Maji yakipungua mwilini choo hukauka, na hapo nyumbani huchemshwa sanamaki. Furosemaidi humwaga potasiamu, na sanamaki ya kila siku humwaga potasiamu pia. Potasiamu ikishuka misuli ya utumbo hulegea, choo kikazidi kufunga, na sanamaki ikazidishwa. Dawa ni tano, na maradhi yaliyoanza yalikuwa ya goti. Mweke kando yake mzee mwingine ambaye moyo wake umechoka na sukari yake iko juu, naye anameza tano zilizopangwa na daktari mmoja, kila moja na kazi yake. Kwa kipimo cha wingi wawili hawa ni sawa. Kwa hali ya matumbo yao hawafanani hata kidogo, na neno lisiloweza kuwatenganisha halijamsaidia daktari wala mgonjwa.

Upande wa bakteria wa utumbo, habari ni nzito zaidi. Asidi ya tumbo si uchafu wa kuondolewa; ni bawabu anayewaua wengi wa wadudu wanaoingia na chakula na mate. Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, humlaza bawabu huyo. Uchunguzi wa watu 1,815 uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanaotumia dawa za jamii hii wana bakteria wa aina chache zaidi, na kwamba bakteria ambao makazi yao ni kinywani wamehamia utumboni. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imekwisha kutahadharisha juu ya uhusiano wa dawa hizo na kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye kwa mzee dhaifu anaweza kuua. Matumizi ya miaka miwili na zaidi yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12, na metformini ya sukari nayo huishusha vitamini hiyo; mzee anayezitumia zote mbili anachotewa kisima kimoja kwa ndoo mbili, kisha ganzi ya miguu ikaambiwa ni uzee. Omeprazoli yenyewe hulinda tumbo la juu tu. Kwenye uchengelele, huko chini ambako diklofenaki pia huchubua, ulinzi wake haufiki. Mwaka 2018 wanasayansi wa Heidelberg, Ujerumani, walizijaribu dawa zaidi ya 1,000 juu ya aina 40 za bakteria wa utumbo, na katika zile zisizokusudiwa kuua vijidudu, asilimia 24 ziliuzuia ukuaji wa angalau aina moja. Ni dawa za maradhi ya kila namna, ambazo wengi hawakufikiri kuwa zinawagusa wenyeji wa tumboni.

Sasa turudi kwenye lugha, kwa sababu hapa Kiswahili kina uwezo ambao Kigiriki cha vitabuni hakina. Kitenzi rundika kina mtendaji: mtu amerundika. Kikinyumbuliwa kuwa rundikana, mtendaji mmoja hutoweka. Vitu vimekuja kimoja juu ya kingine hadi vikawa rundo, na huwezi kumwonyesha kidole aliyelifanya. Hivyo ndivyo ilivyo kwa dawa za mzee wetu wa goti. Hakuna daktari aliyemwandikia tano. Kila mmoja aliongeza moja na alikuwa na sababu. Mrundikano umebeba ndani yake muda, wingi wa mikono, na kukosekana kwa anayetazama chini ya rundo. Mombasa ina historia yake katika mambo haya ya kuchagua maneno. Mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mji huu huu, na Kimvita kikabaki pembeni. Baadaye, mji huu huu, Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alishikilia kwamba maneno mapya yachimbwe ndani ya lahaja na mizizi yetu kabla ya kuombwa nje. Runinga yake imekubalika. Ngamizi haikushika, kompyuta ikaishinda. Ninachokiona katika hatima ya maneno hayo mawili ni kwamba msikilizaji hulipokea neno analoweza kulitumia bila kufundishwa. Mrundikano halihitaji kufundishwa. Foleni hurundikana, madeni hurundikana, taka hurundikana.

Atakayepinga atasema kwamba sayansi ni ya dunia nzima, na daktari wa Mombasa atakayeandika polifamasia ataeleweka Muscat na London. Ni kweli, na sina ugomvi na tohozi katika karatasi za wataalamu. Omeprazoli na prostaglandini nimezitohoa papa hapa. Lakini omeprazoli ni kitu mahususi kilichotengenezwa, na jina lake husafiri nacho. Polifamasia ni hali inayotokea ndani ya nyumba, na wa kwanza kuiona ni binti anayempangia babake vidonge usiku. Asipokuwa na jina la anachokiona hawezi kukiuliza. Mwingine atasema uzee wenyewe huharibu tumbo, dawa zinasingiziwa. Uzee una sehemu yake: utumbo hupunguza mwendo, meno hung'oka, mbaazi na mboga zenye nyuzi za kuwalisha bakteria hubadilishwa kwa uji na mkate laini. Hata hivyo utafiti wa wazee 178 wa Ayalandi, uliochapishwa mwaka 2012, uliona tofauti kubwa za bakteria wa utumbo baina ya wazee waishio majumbani mwao na waishio katika makao ya wazee, na chakula kilikuwa chanzo kikuu. Kama umri pekee ungekuwa sababu, tofauti hizo zisingekuwapo. Yanayoingia mdomoni yana uzito wake, na kidonge nacho huingia mdomoni.

Pingamizi ninaloliogopa kweli ni la tatu: kwamba neno lenye sura ya rundo litawatisha wazee, watupe dawa za presha, na kiharusi kiwakute. Hofu hii ni ya haki. Mzee anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo, aliyewahi kuwa na kidonda cha tumbo, anaihitaji omeprazoli, na kumwondolea ni kumhatarisha. Nyingine zikikatwa ghafla humrudishia mtu asidi au presha kwa kishindo. Ndiyo maana istilahi hii haifai kutembea peke yake. Inahitaji mwenzake, na Kiswahili kimetuwekea tayari. Panga hugeuka pangua, kama funga na fungua. Kazi ambayo matabibu huifanya ya kupitia dawa zote, kupunguza moja baada ya nyingine kwa uangalizi na kubakisha zenye kazi, naiita mpanguo wa dawa. Apanguaye hutoa kwa utaratibu, akiangalia nini kinashikilia nini. Katika mfano wetu angeanzia gotini, atafute njia nyingine ya kutuliza maumivu, kisha atazame presha ikishuka yenyewe kabla ya kugusa kingine. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, kilishauri dawa za jamii ya omeprazoli zisizidi wiki nane kwa mzee asiye na sababu maalumu ya kuendelea nazo. Swali la kumuuliza daktari ni hilo tu: hii ya tumbo, wiki zake nane ziliisha lini?

Kwa hiyo ewe msomaji, siku utakayompeleka mzee wako kliniki, tia katika mfuko mmoja kila anachokimeza, cha hospitali, cha dukani na cha Marikiti, pamoja na sanamaki iliyo katika kikopo cha jikoni, uumwage mbele ya daktari, na useme: huu ni mrundikano, tunaomba mpanguo.