Shahidi Aliye Ndani

Vijana wenzangu, historia ya kompyuta tunayosimuliwa kila siku ni historia ya mashine. Chipu mpya, kioo kipya, bei mpya. Nyuma yake iko historia nyingine ambayo haipigiwi ngoma, nayo ni historia ya swali moja tu: programu inapofanya kazi, muda wake unaishia wapi? Kulitamka ni rahisi. Kulijibu kumewatoa watu jasho tangu 1957, na walikotoka jasho jingi zaidi ni kwenye keneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za programu na kuongea na diski. Nimeifuatilia habari hii kwa kusoma na kwa kujaribu kwenye mashine yangu mwenyewe, basi naomba tuitembee pamoja, na asiyejua msimbo asikimbie.

Tuanze na mfasiri. Mtu anaandika programu kwa lugha anayoielewa yeye, kisha kompaila inaifasiri iwe amri za mashine. Mwaka 1957 John Backus na wenzake wa IBM walitoa kompaila ya FORTRAN kwa ajili ya mashine iitwayo IBM 704. Mashine ile ilikuwa na rejesta 3 tu za kuhesabia nafasi, kwa hiyo kompaila ilitakiwa kuamua ni sehemu gani ya programu ipewe upendeleo. Itajuaje? Wakaweka katika lugha amri iliyoitwa FREQUENCY: mwandishi anaitajia kompaila, penye njia panda, njia hii itapitwa mara ngapi na ile mara ngapi. Kompaila ikichukua makisio hayo inaigiza safari ya programu kwa kubahatisha, mara nyingi, kama mtu anayerusha dadu, halafu inagawa rejesta kwa kufuata matokeo.

Wazo tamu, sivyo? Ila lilisimama juu ya makisio ya binadamu, na muulize mzazi yeyote tabia ya mwanawe uone atakavyokujibu. Baadaye amri ile iliondolewa katika lugha.

Aliyegeuza mambo, kwa maoni yangu, ni Donald Knuth wa Stanford katika makala yake ya 1971. Yeye hakutaka kukisia, alitaka kujua programu za watu wa kawaida zinafanya nini hasa. Ati njia mojawapo waliyojaribu ilikuwa kupekua vikapu vya takataka vya kituo cha kompyuta! Wakagundua kwamba vikapuni hutupwa zaidi programu ambazo bado zina makosa, basi wakatafuta njia nyingine. Kisha wakaweka vihesabio ndani ya programu ili zenyewe ziseme kila mstari umepitwa mara ngapi. Jibu lilikuwa hili: kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu hula zaidi ya nusu ya muda wote. Walipokipima na chombo chao chenyewe cha kupimia, waliona mahali muda ulipokuwa unavuja, na kwa kazi isiyofika saa moja wakakiongezea kasi maradufu.

Ona tofauti iliyopo. FREQUENCY humuuliza mwandishi. Kihesabio huiuliza programu.

Sasa, programu ya kawaida ni shahidi mpole. Inaanza, inafanya kazi, inamaliza, na ile inapotaka kufa inaandika hesabu zake kwenye faili. Keneli haifi. Inawaka ukiwasha mashine na kuzimika na mashine, hamna ule mwisho wa kuandikia hesabu. Na hata ingetaka kuandika faili, anayeandika mafaili ni nani kama si yeye mwenyewe? Watu wa Berkeley waligongana na jambo hili walipokuwa wanatengeneza UNIX yao ya BSD. Mwaka 1982 Susan Graham, Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick walieleza chombo chao gprof, na ilipofika zamu ya kuipima keneli ikabidi iundwe programu ya pembeni, kgmon, ya kuwasha na kuzima upimaji na kuchota hesabu kutoka kumbukumbu ya keneli ingali hai. Hesabu zikatoboa siri: keneli ilikuwa inamaliza nguvu nyingi kwenye kutafuta majina ya mafaili, folda kwa folda. Katika 4.3BSD ya 1986 ikawekwa akiba ya majina yaliyokwisha kutafutwa.

Hapo bado anayesoma hesabu ni mtu. Hatua iliyofuata ni kumpa kompaila azisome mwenyewe. Mwaka 1990 Karl Pettis na Robert Hansen wa Hewlett-Packard walionyesha jinsi ya kupanga msimbo upya kwa kufuata hesabu za mwendo: vipande vinavyoitana sana vikae jirani, na visivyotumika vipelekwe mbali, wasije wakajaza bure nafasi ya karibu na chipu. Kazi yote ndiyo hii mpaka leo. Unajenga programu mara ya kwanza ikiwa na vihesabio, unaitumikisha, unakusanya profaili, unaijenga mara ya pili kwa kufuata profaili ile. GCC iliurahisishia umma jambo hili katika toleo la 3.4 la mwaka 2004, kwa amri mbili tu.

Kwa programu za kawaida, amri mbili kweli. Kwa keneli, ndugu yangu, hapo ndipo utakapojua kwamba unayemwita “kompaila” si mtu mmoja, ni msafara. Yuko kompaila, yuko asembla, yuko linka anayeunganisha vipande, ziko na skripti za keneli zenyewe zinazomwelekeza linka. Kila mmoja ana mapatano na mwenzake ambayo hayakuandikwa mlangoni. Mwaka 2000 Red Hat 7.0 ilikuja na GCC iliyoitwa 2.96, toleo ambalo watengenezaji wa GCC walitangaza kwamba si lao rasmi, na ndani ya boksi hilohilo ikawekwa kompaila ya pili ya zamani, jina lake kgcc, kwa ajili ya kujengea keneli tu. Nyumba moja, wafasiri wawili. Na huo ulikuwa ujenzi wa kawaida tu, profaili bado.

Linux ilipopata vihesabio vya GCC ndani ya keneli rasmi, toleo 2.6.31 la mwaka 2009, ilibidi iige muundo ambao GCC huutumia kuhifadhi hesabu zake, tena kwa kunakili, maana kompaila haitoi muundo huo kwa wageni. Ndani ya keneli kuna namba inayosema aina za vihesabio ni ngapi. GCC 7 ilikuwa na 9. GCC 10 ya 2020 ikawa na 8. GCC 14 ya 2024 ikarudi 9. Mtu asipobadilisha namba hiyo kwa wakati, keneli inasoma kumbukumbu yake kwa ramani ya nyumba nyingine, na hitilafu inatokea mahali ambapo hapana kosa hata moja la msimbo. Utasoma faili lile mpaka macho yaume, ni safi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha nukta. Kompaila ikishapata profaili hugawa msimbo katika mafungu, la moto na la baridi, na kila fungu lina jina lake. Fungu la moto huitwa .text.hot. Katika Clang 11, mwaka 2020, majina hayo yaliongezewa nukta mwishoni. Nukta moja! Skripti ya linka ya keneli ilikuwa haiijui, kwa hiyo mafungu hayo yakawa yatima, na linka anaweza kumweka yatima nje ya mipaka ambayo keneli huitumia kuutambua msimbo wake. Yaani sehemu ya mwili iko nje ya ngozi. Marekebisho yaliingia katika keneli 5.10 mwishoni mwa mwaka uleule. Sisi tunaogombana na wahariri kwa ajili ya mkato tuwaonee huruma hawa.

Basi mtu akitaka kutatua matatizo ya namna hii hafuati akili ya kawaida ya kusoma palipoandikwa kosa. Mimi niliwahi kuipa kompaila amri ya kuweka vihesabio katika mafaili yote ya keneli bila ubaguzi, makusudi, nione nani ataanguka wa kwanza. Mashine ikawaka, kioo cheusi, hamna hata herufi. Keneli inayokufa kabla ya kujifunza kuandika haiachi wosia. Dawa ni kugawa nusu kwa nusu: nusu ya mafaili yana vihesabio, nusu hayana, ikiwaka, mwizi yuko nusu ile nyingine, gawa tena. Mafaili 2,048 yanakwisha kwa hatua 11. Zinaonekana chache, lakini kila hatua ni ujenzi mzima, na umeme wa mtaani kwetu nao una ratiba yake. Siku ya tatu nikamfikia: msimbo wa hatua za mwanzo kabisa za kuwaka, unaofanya kazi kabla keneli haijapanga anwani za kumbukumbu. Kihesabio kinataka kuandika “moja” kwenye anwani ambayo bado haipo.

Na hayuko peke yake. Kuna kipande cha keneli kiitwacho vdso ambacho hupangishwa ndani ya programu za watumiaji ili zisome saa bila kupiga hodi kwa keneli. Kurasa zake ni za kusoma tu, kihesabio hakina pa kuandikia. Kuna pia njia za kuingilia keneli, pale chipu inapohama kutoka kwa mtumiaji. Tangu toleo 5.8 la mwaka 2020 hizo zina alama ya noinstr, maana yake hapa mtu asiweke chombo chochote cha upimaji. Shahidi wetu, kumbe, kuna vyumba ambavyo akiingia anaharibu ushahidi.

Ndiyo maana mabishano ya 2021 yalikuwa ya haki. Wahandisi waliandaa njia ya kuijenga Linux kwa profaili za Clang, vihesabio vikiwa ndani. Wengine wakalalamikia vyumba vile vilivyokatazwa, na Linus Torvalds akauliza kwa nini upimaji usifanywe kutoka nje. Kazi ile haikuingia. Kilichoingia ni kingine, AutoFDO, katika toleo 6.13 la Januari 2025. Humo keneli haiwekewi kihesabio chochote. Chipu yenyewe hukumbuka njia panda chache za mwisho ilizopita, na kila baada ya muda kumbukumbu hiyo inachunguliwa, kisha inarudishwa kwenye mistari ya msimbo. Watafiti wa Google walikuwa wamekwisha kuieleza njia hii mwaka 2016, kwa programu za kwenye maghala yao ya seva.

Hapo kwenye seva ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Profaili si ukweli wa programu, ni ukweli wa kazi iliyopimwa. Ukipima seva inayojibu maombi ya mtandao usiku na mchana, kompaila itaupeleka msimbo wa mtandao karibu na chipu, na kile usichokigusa itakiita baridi na kukitupa mbali. Anayejenga kwa profaili ya mwingine amekubali kwamba kazi yake inafanana na ya mwingine. Hakuna njama hapa, ni hesabu tu: ambaye hakupimwa hana namba. Tena hata kupima kwenyewe kunadai chipu yenye ile kumbukumbu ya njia panda, na mashine za kukodi mtandaoni mara nyingi humficha mpangaji kitu hicho.

Mashine tunayochapia gazeti hili ni ya mitumba, lakini chipu yake inayo. Niliipima mchana mmoja wa kazi zetu halisi: mwenzangu mmoja anapanga kurasa, mwingine anaingiza hadithi zilizoletwa kwa flashi, printa inalalamika. Msimbo wa mtandao ulikuwa baridi kama maji ya mtungini. Waliokuwa moto ni wasoma mafaili, wagawa kumbukumbu, na yule jamaa anayeshughulika na flashi, ambaye kwenye ghala la seva sidhani kama kuna mtu anamkumbuka. Nikaijenga keneli upya kwa namba hizo. Linka alinung’unika mara mbili, nikamsikiliza, na sasa ndiyo inayowaka kila asubuhi hapa ofisini.