Ndewe, chuma na chumvi: historia ya kidonda kidogo cha sikio

Fikiria umetoka kutoga sikio mjini Sumbawanga. Fundi amemaliza kazi kwa dakika mbili, umelipa, umejitazama kwenye kioo cha simu, umependeza. Usiku sikio linaanza kuwaka moto. Unauliza watu. Dada anasema weka maji ya chumvi. Rafiki anasema spiriti. Shangazi anasema mafuta, na uzungushe hereni kila asubuhi. Jirani naye anakuletea dawa ya meno.

Nani yuko sahihi? Ngoja kwanza. Jibu lina historia ndefu, na kipande kimoja cha historia hiyo kiko chini tu ya uwanda wa Ufipa.

Tuanze na tundu lenyewe. Mwaka 1991, mpakani mwa Austria na Italia, watembea milimani walikuta maiti ya mwanamume iliyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Wanasayansi wanamwita Ötzi. Masikio yake yalikuwa yametogwa na kupanuliwa hadi milimita 7 au zaidi. Kwetu, wanawake wa pwani walivaa majasi masikioni na vipini puani, na Wamaasai wakapanua masikio yao hadi yakaning'inia. Kiswahili kina hata jina la tundu hilo: ndewe.

Kibaiolojia, ndewe ni jambo la ajabu kidogo. Ni kidonda unachokizuia kisifunge. Mwili unataka kuziba. Wewe umeweka kitu katikati, kwa hiyo ngozi inalazimika kukizunguka, ikiota kutoka pande mbili za nje kuelekea ndani mpaka inakuwa kama mrija. Kwenye ncha laini ya sikio kazi hiyo huchukua wiki 6 hadi 8. Juu, kwenye gegedu, huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima, kwa sababu gegedu halina mishipa yake ya damu.

Ndo maana bibi zetu waliacha uzi au njiti ya fagio ndani ya tundu. Wazo lilikuwa sahihi kabisa: bila kitu ndani, tundu linaziba. Tatizo ni kwamba uzi hunyonya majimaji na kuyahifadhi, na njiti ina mikwaruzo ambamo bakteria hujificha. Na kuzungusha je? Kila ukizungusha unachana ile ngozi changa inayojengwa. Hapo shangazi, kwa heshima zote, tunatofautiana naye.

Sasa twende Ufipa. Wafipa walikuwa mafundi hodari wa chuma. Matanuru yao ya udongo, malungu, yalifika karibu mita 3 kwenda juu, na hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto kabla ya kufuliwa. Baadhi ya malungu bado yamesimama. Kwa somo letu, kumbuka hili: chuma kikitoka kwenye joto kama hilo hakina kimelea hata kimoja hai. Vimelea kinavipata baadaye, mikononi mwetu, mezani, kwenye kitambaa cha kufutia. Sindano mpya ndani ya pakiti yake ni salama kwa sababu hiyohiyo: imeuliwa vimelea, kisha haijaguswa.

Chumvi nayo ina historia yake hapa. Ukiteremka bondeni, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa, kuna Ivuna. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi ya karne nyingi zilizopita, tangu takriban karne ya 13.

Lakini maji ya chumvi yanafanya nini kwenye kidonda? Wengi tunadhani yanaua bakteria. Kwa kipimo kinachotakiwa, hayaui. Miaka ya 1880 Mholanzi Hartog Hamburger aliweka chembe nyekundu za damu katika maji yenye viwango tofauti vya chumvi. Kwenye maji matupu chembe hujaa na kupasuka. Kwenye chumvi kali hunyauka. Kwenye takriban asilimia 0.9 hutulia. Hiyo ndiyo siri: maji hayo yanaosha usaha na ukoko bila kuziumiza seli zinazojenga.

Spiriti inafanya kinyume chake. Mwaka 1867 Joseph Lister alitangaza kwamba dawa ya kuua vimelea huokoa majeruhi, na dunia ikaamini kwamba dawa ikiwa kali zaidi ni bora zaidi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Alexander Fleming, miaka kadhaa kabla ya kugundua penisilini, alichunguza vidonda vya askari huko Ufaransa. Akaona kwamba kwenye vidonda vya kina dawa hizo ziliua chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wenyewe, huku bakteria wakibaki salama kwenye kona za ndani. Yeye na mkuu wake, Almroth Wright, walitetea maji ya chumvi.

Hata dawa yenyewe inaweza kuwa hatari. Mwaka 2000, kwenye kibanda cha kutoga masikio huko Oregon, Marekani, chupa ya dawa ya kusafishia iliingiwa na bakteria aina ya Pseudomonas. Wateja 7 waliothibitishwa walipata maambukizi ya gegedu. Gegedu likiharibika, umbo la sikio halirudi lilivyokuwa.

Sasa basi, ufanye nini? Chemsha lita moja ya maji safi, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kijiko kiwe sawasawa, acha yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Loweka kitambaa safi au pamba, weka sikioni dakika chache, mara mbili kwa siku, kisha kausha. Tengeneza maji mapya kila siku. Usizungushe hereni, usiivue, usipake mafuta wala dawa ya meno.

Na kabla ya kutoga, dai sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano ya kuchangia hubeba virusi vya homa ya ini B na VVU, na hapo chumvi haitakusaidia. Uliza pia kituo cha afya kuhusu chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda.

Wekundu kidogo na majimaji meupe siku za mwanzo ni kawaida. Lakini sikio likivimba sana, likitoa usaha wa njano au kijani, ukipata homa, au sehemu ya juu ya sikio ikiuma zaidi kila siku, usimuulize mtu kwa simu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hereni ikiwa bado sikioni: ukiivua, tundu linaziba na usaha unabaki ndani.

Dada alikuwa sahihi, ila mwambie apime chumvi.