Ua la Pareto na Unga wa DDT

Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Twaitumia methali hii tukimsema adui aliye karibu nasi, lakini picha iliyomo ndani yake ni ya chawa na kunguni, wageni wasioalikwa ambao wamelala na mwanadamu tangu zamani. Katika insha hii, msomaji, nataka tuitazame historia ya vita baina ya mwenye nyumba na wadudu wake. Tutaona jinsi mtu, katika kumfukuza mdudu aliyemwuma, alivyoingiza nyumbani mwake kitu kingine kilichoweza kumdhuru, naye asikijue kwa miaka mingi.

Kwanza na tuangalie neno lenyewe. Katika lugha yetu, kinachomponya mtu twakiita dawa, na kinachomwua mbu au panya pia twakiita dawa. Twasema dawa ya mbu, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Neno ni moja, lakini vitu ni viwili, maana kile cha pili ni sumu. Usilisahau jambo hili unapoendelea kusoma.

Kabla ya viwanda kuleta chupa na mikebe, jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na njia zao. Akina mama walichanganya maharagwe na jivu kabla ya kuyaweka ghalani. Chembe za jivu huukwaruza mwili wa mdudu, maji yake yakamtoka, akakauka na kufa. Watu waliweka majani ya kivumbasi nyumbani, au waliyafukiza, ili mbu wasikaribie. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, nao ulipata kazi hiyo hiyo pwani. Lakini tusidanganyike kwamba mambo yote ya kale yalikuwa mema. Moshi uliofukuza mbu uliharibu pia macho na mapafu ya waliolala ndani, na malaria iliua watoto wengi ambao kivumbasi hakikuweza kuwalinda. Basi watu walikuwa na haki ya kutafuta kitu chenye nguvu zaidi.

Kitu kimoja cha namna hiyo kilikuwa ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano, nalo ni ua la pareto. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Katika karne ya 19, maua hayo yalikaushwa, yakasagwa, na unga wake ukauzwa Ulaya kwa kuulia viroboto na kunguni. Mbegu zilifika Japani katika miaka ya 1880, na Wajapani wakabuni ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyoviringwa mfano wa nyoka aliyejikunja, ambayo hata leo yapatikana madukani mwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, pareto ililetwa Kenya. Ikaipenda baridi ya nyanda zetu za juu, na katika miaka ya Vita Kuu vya Pili Kenya ikaipita Japani kwa wingi wa mazao. Hapo mwanzo mashamba yalikuwa ya walowezi, na Waafrika walikuwa wachumaji tu. Baadaye wakulima wadogo wa sehemu kama Kisii, Molo na Nyandarua walilichukua zao hilo likawa lao. Maua yalichumwa kwa mkono, moja moja, yakakaushwa, kisha sehemu kubwa ya mazao ikauzwa ng'ambo.

Nguvu ya pareto ni kwamba hushika mishipa ya fahamu ya mdudu mara moja, hata nzi huanguka akiwa angali anaruka. Tena haimdhuru sana mtu wala ng'ombe, kwa kuwa miili yao huivunjavunja upesi. Lakini wafanyabiashara waliiona kuwa na kasoro mbili: ilikuwa ghali, na haikudumu. Ukiipuliza asubuhi mahali penye jua, haichukui muda nguvu zake zikatoweka. Kumbuka kasoro hii ya pili, maana ndiyo kiini cha habari yetu.

Huko Uswisi, katika mji wa Basel, palikuwa na mwanakemia aliyeitwa Paul Müller. Alitafuta sumu ambayo ingeua wadudu wa aina nyingi, isiwadhuru watu, iwe rahisi kwa bei, na zaidi ya hayo, idumu muda mrefu. Mwaka wa 1939 aliijaribu kemikali moja iliyotengenezwa kwanza mwaka wa 1874, ambayo hakuna aliyejua faida yake. Nzi walikufa. Kemikali hiyo ndiyo DDT.

Matendo yake yalikuwa ya ajabu. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1943 na 1944, mji wa Naples huko Italia ulishikwa na homa inayoenezwa na chawa. Watu kwa maelfu walipuliziwa unga huo ndani ya nguo walizovaa, na maradhi yakazuiwa. Mwaka wa 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka wa 1955 Shirika la Afya Duniani lilianzisha vita vya kuifuta malaria, na DDT ndiyo iliyokuwa silaha kubwa. Nchi kadhaa zilipona malaria kabisa. Mtu asemaye kwamba DDT haikuokoa maisha ya watu hasemi kweli.

Lakini baada ya vita unga huo haukubaki mikononi mwa madaktari. Uliuzwa madukani kama sabuni. Ukapulizwa jikoni, vitandani, bustanini na mashambani, na picha za matangazo zikaonyesha akina mama wenye furaha. Dalili ya kwanza ya hatari ilitoka kwa nzi wenyewe. Kufikia mwaka wa 1947, huko Uswidi na Italia, walionekana nzi ambao DDT haikuwaua. Wanyonge walikuwa wamekufa. Wenye nguvu walibaki wakazaa watoto wenye nguvu kama wao.

Dalili ya pili ilikuwa nzito zaidi. Katikati ya miaka ya 1950, katika jimbo la Michigan huko Marekani, miti ya kivuli ilipuliziwa DDT ili kuwaua wadudu walioeneza ugonjwa wa miti hiyo. Majani yalianguka, minyoo ya ardhini ikayala, na ndege wadogo wenye vifua vyekundu wakaila minyoo. Ndege hao walianza kufa, ingawa hakuna mtu aliyewapulizia chochote. Sababu yake ni hii: DDT haiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo hukaa katika mafuta ya mwili wa mnyama, na kila anayemla mwenzake hupokea akiba ya sumu ya wote waliotangulia. Tai, kozi na mwari, ndege walio juu kabisa katika mpango huo wa kulana, walitaga mayai yenye maganda membamba mno, yakavunjika kabla ya kuanguliwa. DDT ilionekana pia katika maziwa ya akina mama.

Aliyewakusanyia watu habari hizi zote alikuwa mwanamke Mmarekani, Rachel Carson, mtaalamu wa viumbe. Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka mwaka wa 1962. Wenye viwanda walimkejeli na kumwita mtu wa hofu. Hata hivyo hakutaka sumu zote zipigwe marufuku. Alitaka zisitumiwe ovyo, na mwananchi aambiwe kinachopulizwa karibu na mlango wake. Alikuwa mgonjwa wa saratani wakati wa kuandika, akafariki mwaka wa 1964 bila kuyaona matunda ya kazi yake. Mwaka wa 1972 Marekani ilikataza karibu matumizi yote ya DDT. Kenya iliikataza katika kilimo mwaka wa 1986. Mwaka wa 2001, mjini Stockholm, mataifa yalipatana kuiondoa duniani, isipokuwa kwa kupambana na wadudu waenezao maradhi kama malaria. Naona upatano huo ulikuwa wa busara, kwa sababu uliyakumbuka mayai ya ndege na uhai wa watoto pia.

Sasa turudi kwenye ua letu. Mwaka wa 1924 wanasayansi wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, walikuwa wameeleza jinsi sumu ya pareto ilivyoundwa. Kwa kufuata mfano huo, wengine walitengeneza viwandani sumu zifananazo nayo, na mwaka wa 1973 ilijulikana moja, permethrin, isiyoharibiwa upesi na jua. Vyandarua vilivyotiwa sumu za jamii hiyo vilijaribiwa Kilifi katika miaka ya 1990, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa karibu theluthi moja. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sumu hizo huua samaki zikiingia majini, na tayari mbu wa sehemu nyingi za Afrika wamezizoea, kama nzi wa Uswidi walivyoizoea DDT.

Je, historia hii yatufundisha nini? Wengine watasema: tumia vitu vya asili, ukatae vya kiwandani. Jibu hilo ni rahisi mno. Tumbaku ni mmea, na sumu yake yaweza kumwua mtu; pareto yenyewe ni ua, nayo huua nyuki na samaki. Mafunzo yenyewe ni mengine. Kosa halikuwa kwamba DDT ilitoka kiwandani, wala kwamba Müller alikuwa mtu mbaya. Kosa lilikuwa kwamba sifa iliyopendwa kuliko zote, yaani kudumu, haikuulizwa swali lake la pili: baada ya kumwua mdudu, sumu hii inakwenda wapi?

Swali hilo ni lako pia, msomaji, maana nyumba yako ina vita vyake leo. Wako watu wanaopulizia kunguni sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, katika chumba wanamolala watoto. Wako wanaonunua sumu iliyomiminwa katika chupa ya soda, isiyo na jina wala maelezo, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Wako wanaoosha mtungi wa sumu na kuutekea maji ya kunywa. Tangu mwaka wa 1982 Kenya ina sheria ya kusimamia bidhaa hizi, lakini sheria haiingii chumbani mwa mtu. Mwenye kuingia humo ni wewe.

Basi kabla ya kununua, uliza kama kuna njia isiyo na sumu. Maji yanayochemka yakimiminwa katika nyufa za kitanda huwaua kunguni na mayai yao. Wavu wa dirishani humzuia mbu. Chakula kilichofunikwa na taka zilizoondolewa humnyima mende riziki. Ikiwa hapana budi kutumia sumu, isome karatasi yake, tumia kadiri iliyoandikwa, fungua madirisha, wala usiimwage mtoni. Na chandarua chenye sumu ukifulie katika beseni, mbali na mto au ziwa, kisha maji yake uyamwage mahali pakavu pasipo kisima.

Ukikumbuka kuyafanya haya, wafundishe na wadogo zako nyumbani. Rachel Carson aliandika kitabu kizima ili watu waulize swali moja; sisi twaweza kuliuliza kila tunaposhika mkebe dukani.