Mshika Funguo za Nyumba Nzima

Msomaji wangu, fikiri juu ya nyumba yenye milango mia mbili. Kila mlango una kufuli lake, na kila kufuli lina ufunguo wake. Mwenye nyumba hawezi kuizunguka milango yote kila jioni aone kama imefungwa. Kwa hiyo humwajiri mtu mmoja na kumkabidhi funguo zote katika pete moja. Tangu siku ile usalama wa nyumba hauko tena milangoni, bali uko mkononi mwa mshika funguo. Akiwa mwaminifu na mwangalifu, nyumba nzima hulala salama. Akisinzia, au akinyang'anywa pete yake, mwizi hana haja ya kuvunja hata mlango mmoja.

Habari nitakayokueleza ni ya nyumba za namna hiyo. Nyumba zenyewe ni makampuni ya siku zetu, milango yake ni kompyuta, na mshika funguo ni programu inayonunuliwa ili kuzitunza. Kampuni kubwa sana ina jeshi la mafundi, na duka dogo lina kompyuta moja tu juu ya meza. Lakini kampuni ya kadiri, yenye kompyuta mia mbili, seva kumi au kumi na tano za kuhifadhi kumbukumbu zake, na mafundi wawili au watatu, haina budi kuchagua programu ya utunzaji. Uchaguzi huo waonekana kuwa jambo dogo la karani wa ununuzi. Historia yatuonyesha kwamba sivyo.

Hapo mwanzo shida hii haikuwako. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi ya kawaida ya biashara ilikuwa LEO, iliyoundwa mjini London na kampuni ya J. Lyons, wauzaji wa chai na mikate. Mwaka 1951 ilianza kupiga hesabu za mikate ya kampuni hiyo. Ilikuwa mashine moja, iliyojaza chumba kizima, na mafundi wake waliishi nayo kama wachungaji na ng'ombe wao. Ikiugua walijua mara moja, kwa kuwa walikuwa mbele yake. Nani angehitaji programu ya kuzihesabu mashine, na mashine ni moja?

Mambo yaligeuka mwaka 1981, kampuni ya IBM ilipoanza kuuza kompyuta ndogo ya kukaa juu ya meza ya mtu mmoja. Muda si muda kila karani alikuwa na yake. Kisha kompyuta hizo zikaunganishwa kwa nyaya, nyaya zikavuka miji, na miji ikaunganishwa na intaneti. Mchungaji aliyekuwa na ng'ombe mmoja alijikuta na kundi asilolijua idadi. Mwaka 1988 mafundi walitoa kanuni za lugha fupi, iitwayo SNMP, ambayo kwayo mashine moja huweza kuziuliza nyingine hali zao. Ndipo programu za utunzaji zilipoanza kushamiri. Kazi yake ni kuzihesabu kompyuta zote, kujua ipi ina maradhi, kupeleka viraka vya kuziba nyufa, na kumwezesha fundi aliyeketi Nairobi kuingia katika kompyuta iliyo Kisumu au Mombasa na kuitengeneza bila ya kupanda gari. Hapana shaka ni msaada mkubwa. Lakini tazama vizuri: chombo kiwezacho kuingia katika kila kompyuta ili kuiponya, chaweza pia kuingia katika kila kompyuta ili kuiua.

Kwanza tuone hasara ya kukosa mtunzaji. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mkubwa katika programu yake ya Windows. Kiraka hicho kilikuwa bure kwa matoleo iliyokuwa bado ikiyahudumia. Miezi miwili ilikaribia kutimia. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika ufa ule ule na kuenea katika nchi zaidi ya 150. Kilizifunga kumbukumbu za watu kwa maandishi ya siri na kudai fidia. Katika Uingereza, hospitali nyingi za umma zilishindwa kusoma habari za wagonjwa wao. Magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine, na maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Dawa ilikuwa imekwisha kutolewa. Kilichokosekana ni mkono wa kuifikisha kwa kila kompyuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utasema basi, msomaji, kwamba jibu ni jepesi: nunua programu ya utunzaji, ipe funguo zote, na upokee kila kiraka mara kinapokuja. Ngoja kwanza usikie habari ya pili.

Kampuni ya SolarWinds ya Marekani ilikuwa ikiuza programu ya utunzaji iitwayo Orion. Ilipendwa na kampuni nyingi na hata na wizara za serikali ya Marekani. Kati ya Machi na Juni mwaka 2020 wateja wapatao 18,000 walipokea matoleo mapya ya programu hiyo, kama walivyozoea. Matoleo yalikuja kutoka mahali pake pa halali, yakiwa na muhuri halali wa kampuni. Lakini wadukuzi walikuwa wamejipenyeza katika karakana ya kuundia programu yenyewe, na humo walikuwa wameficha sumu. Sumu ile haikufanya haraka. Baada ya kuingia iliweza kulala hata wiki mbili kabla ya kuamka na kuwafungulia mlango waliowachagua. Mshika funguo alikuwa ameingizwa mwizi ndani ya kanzu yake mwenyewe wala hakujua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na siri hiyo ilifichuliwaje? Katika kampuni ya ulinzi iitwayo FireEye, mtu mmoja wa usalama aliona kwamba mfanyakazi mmoja ameandikishwa simu mbili za kuthibitishia jina lake. Akamwuliza kama simu ya pili ni yake. Akajibu kuwa siyo. Kutokana na swali hilo dogo uchunguzi ukaanza, na Desemba 2020 ulimwengu ukajua. Wizara za Marekani, ya Fedha ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeingiliwa, na mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo iliwashutumu wapelelezi wa Urusi. Twajifunza kwamba mashine elfu zilipita jambo lile bila ya kulishuku, na mtu mmoja mwenye desturi ya kuuliza akalisimamisha.

Habari ya tatu ni ya wanyonge zaidi, nayo yahusu hasa kampuni za kadiri. Tarehe 2 Julai 2021 kundi la wadukuzi liitwalo REvil lilipita katika ufa wa programu ya utunzaji ya kampuni ya Kaseya. Programu hiyo ilitumiwa na watoa huduma wanaozitunza kompyuta za kampuni nyingine kwa malipo. Watoa huduma walioingiliwa hawakufika 60, lakini kampuni zilizokuwa chini yao zilifikia 1,500. Nchini Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa kuwa mashine za kupokelea fedha hazikufunguka. Coop haikuwa imeinunua programu ile. Mtoa huduma wa mashine zake ndiye aliyekuwa akiitumia. Basi funguo za nyumba yako huenda zimo katika pete ya mtu usiyemjua, aliyeajiriwa na mtu unayemjua.

Sasa tuje katika habari ya nne, ambayo yatugusa sisi Waafrika. Tarehe 27 Juni 2017, kirusi kiitwacho NotPetya kilienezwa kwa kupitia matoleo mapya ya programu ya hesabu iliyotumika sana nchini Ukraine. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake huonekana hata katika bandari ya Mombasa, ilikuwa na programu hiyo katika ofisi yake ya Odessa. Mlango huo mdogo ulitosha. Kirusi kikatoka humo na kusambaa katika mtandao wa kampuni ulimwenguni kote. Bandari zikasimama, na malori yakapanga foleni milangoni pasipo mtu wa kuyaambia lipi lichukue nini.

Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizohifadhi daftari la majina na ruhusa za watumiaji wote. Kila moja ilikuwa nakala ya nyingine, na kwa hiyo wakuu walidhani kwamba hata moja ikifa, nyingine zitaishi. Hawakufikiri juu ya siku ambayo zote zitakufa pamoja. Mafundi walitafuta kila mahali, hata wakapata moja iliyosalimika, nayo ilikuwa Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya kirusi kufika, na seva ikawa imezimika! Mtandao wa huko ulikuwa mwembamba mno kupitisha kumbukumbu zake, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akasafiri kwa ndege mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenziwe kifaa kile uwanjani, na huyo akakipeleka Uingereza. Kwa mbegu hiyo moja Maersk ilizipanda upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi. Hasara yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Akiba haiozi, wasemavyo wazee. Lakini akiba ile iliwekwa na bahati, haikuwekwa na busara.

Wala usidhani kwamba hatari hutoka kwa wezi peke yao. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilipeleka sasisho lenye kosa kwa wateja wake. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikazimika, na ndege zikakaa chini katika viwanja vingi. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kosa la kawaida la binadamu, lililofikishwa kila mahali kwa wakati mmoja kwa sababu chombo kilikuwa na uwezo wa kufika kila mahali. Mafundi wakalazimika kuziendea kompyuta nyingi moja moja kwa miguu yao, kama siku za kale.

Tufanye nini basi? Hospitali za Uingereza ziliumia kwa kutopokea kiraka. Wateja wa SolarWinds waliumia kwa kupokea. Mtu mvivu wa kufikiri atasema kwamba mambo haya yapingana, na kwa hiyo hapana somo. Mimi naona somo lipo. Kosa halikuwa katika kupokea wala katika kukataa. Kosa lilikuwa katika kukabidhi funguo kisha kusahau kwamba umezikabidhi.

Kwa hiyo, kampuni ya kadiri inapochagua programu ya utunzaji, isiulize bei na uzuri wa picha tu. Iulize kwanza: je, kompyuta zetu ni ngapi, na ziko wapi? Asiyejua idadi ya milango yake hawezi kuajiri bawabu. Iulize pili: programu hii yahitaji funguo zipi hasa? Ile ya kutazama hali tu isipewe ufunguo wa kubadili. Iulize tatu: je, twaweza kukijaribu kiraka katika kompyuta chache, tukangoja kidogo, kisha tukakipeleka kwa zote? Kuonja si kuchelewa. Iulize nne: muuzaji akiingiliwa, atatuambia lini na kwa njia gani? Hapa Kenya swali hilo lina uzito wa sheria, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka mwenye kuhifadhi habari za watu aarifu ofisi ya Kamishna katika muda wa saa 72 tangu ajue kwamba zimeingiliwa na kwamba watu hao wamo katika hatari ya kudhurika. Na iulize tano: ikiwa kila kitu kitaharibika usiku wa leo, nakala yetu ya akiba iko wapi, na je, imetengwa na mtandao kwa makusudi, au twangojea umeme ukatike utuokoe?

Huenda siku moja wewe unayesoma ukurasa huu utaketi katika kiti cha fundi au cha meneja, na karatasi ya ununuzi itawekwa mbele yako usubiriwe kutia sahihi. Mwuzaji atakuwa na maneno matamu, na wakubwa wako watakuwa na haraka. Kumbuka wakati huo kwamba nyuma ya karatasi ile yuko mgonjwa angojeaye matibabu, yuko dereva wa lori aliyesimama langoni mwa bandari, na yuko kibarua angojeaye mshahara wa mwisho wa mwezi. Hao hawataijua programu uliyoichagua, wala hawatalijua jina lako. Lakini siku ambayo pete ya funguo itapotea, wao ndio watakaolala nje.