Jaji aliyewaita wahariri watembee kilomita 297

Umewahi kuandika maoni makali kuhusu mahali ambapo hujawahi kukanyaga? Mimi nimewahi, tena kwenye tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Leo nakuletea kisa cha wahariri wa gazeti walioandika maoni kuhusu mahali fulani mwaka 1954, wakaalikwa kwenda kupaona kwa miguu.

Tuanze na mahali penyewe. Mfereji wa Chesapeake na Ohio, nchini Marekani, unafuata mto Potomac kutoka mji wa Cumberland hadi Washington: maili 184.5, yaani kama kilomita 297. Ujenzi ulianza tarehe 4 Julai 1828. Siku hiyohiyo, mjini Baltimore, ujenzi wa reli ya Baltimore na Ohio nao ulizinduliwa, na reli hiyo ilikuwa inakimbilia magharibi hukohuko. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika 1850, umeshachelewa.

Mashua zilivutwa na nyumbu. Siyo wale wa Serengeti. Huyu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Nyumbu walitembea kwenye njia ya udongo kando ya maji, wakivuta kamba ndefu. Sasa utauliza, wanyama wachache wanavutaje mashua yenye zaidi ya tani 100 za makaa ya mawe? Siri iko kwenye mwendo. Maji yanabeba uzito wote, kwa hiyo mnyama anapambana na ukinzani wa maji tu. Ukienda polepole, ukinzani huo ni mdogo. Ukiongeza mwendo mara mbili, unapanda takriban mara nne. Ndiyo maana mashua zilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na njia ile ikajengwa karibu tambarare. Tofauti ya mwinuko, kama mita 184, ilishughulikiwa na vyumba 74 vyenye malango: unajaza maji mashua inapanda, unayapunguza inashuka.

Mafuriko ya mwaka 1924 yalimaliza biashara hiyo, na mwaka 1938 serikali kuu ikaununua mfereji. Baadaye likaja wazo la kujenga barabara ya magari kufuata njia yake. Januari 1954 gazeti la Washington Post likaliunga mkono kwenye tahariri.

Hapo ndipo anaingia William O. Douglas, Jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani na mpenzi mkubwa wa kutembea. Hakufungua kesi. Aliandika barua kwa gazeti: aliyeandika tahariri ile aje tutembee naye njia nzima, akirudi atakuwa na mawazo mengine. Wahariri wakakubali.

Tarehe 20 Machi watu 58 waliondoka Cumberland. Piga hesabu mwenyewe: kilomita 297 kwa siku 8 ni wastani wa kilomita 37 kila siku. Wengi waliachia njiani. Waliokamilisha njia nzima walikuwa 9, na Jaji, mwenye umri wa miaka 55, alikuwa mmoja wao. Baada ya safari gazeti lilibadili msimamo wake. Mambo hayakuishia hapo, maana ilichukua hadi Januari 1971 mfereji kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Mwaka 1977 hifadhi hiyo ikawekwa rasmi kwa heshima ya Douglas.

Unaona kinachonivutia? Ramani ya mfereji ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mwendo wa watazamaji. Kwa gari, mahali pale ni ukanda mwembamba kando ya mto. Kwa mwendo wa nyumbu, ni siku nane za miti, mawe yaliyochongwa na maji.

Lakini ngoja kidogo. Kilomita kama 35 za upande wa Washington zilikuwa zimekarabatiwa kati ya 1938 na 1942 na vijana Wamarekani weusi wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa vijana ajira. Mpango huo ulikuwa na ubaguzi, hivyo waliwekwa kwenye kambi zao peke yao. Waliijua njia ile kwa koleo na kwa mgongo, miaka mingi kabla ya safari ya wahariri. Ila kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Jaji, kwa sababu barua yake ndiyo iliyojibiwa.

Kwa hiyo, mtafiti mwenzangu, kabla hujaandika sura ya "eneo la utafiti", shuka kwenye gari utembee. Na ukishatembea, uliza njia unayokanyaga ilitengenezwa na nani. Mimi tasnifu yangu nimeshaikabidhi. Yako bado ina nafasi.